Diploma Kubwa na Darasa la Kwanza

Kila mwaka, wakati universite na vyuo vya walimu vinapofunga masomo, twaona vijana wetu wamevaa joho na kofia, ndugu zao wanawamwagia poda kichwani, na nyimbo zinasikika mpaka barabarani. Ni furaha ya haki. Mtu aliyekaa miaka mitano juu ya vitabu, akala mara moja kwa siku ili apate kulipa minervali, anastahili poda hiyo na zaidi. Lakini mwulizeni mmoja wao: «Sasa utafundisha wapi?» Atajibu: sekondari. Mwingine atajibu: ofisi ya inspekta. Wa tatu anatazamia shirika moja la wageni lenye magari meupe. Hatujasikia bado hata mmoja akijibu: «Mimi nitafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma.» Na kama angejibu hivyo, mama yake angeshika kichwa: Mwanangu, umesoma miaka yote hii ili urudi kuandika ba, be, bi, bo, bu?

Sisi twasema: ndiyo, mama. Ili aandike ba, be, bi, bo, bu. Na tena twasema kwamba anayetaka kuifanya kazi hiyo vizuri ana haja ya masomo makubwa kuliko yule atakayefundisha historia katika darasa la mwisho la sekondari. Twajua kwamba neno hili litawachekesha wengi, na walimu wenyewe mbele ya wote. Wacheke kwanza, halafu wasome.

Tazameni jinsi madarasa yanavyogawanywa mwanzoni mwa Septemba. Direkta ana orodha ya walimu mbele yake. Mwenye diploma bora na miaka mingi ya kazi anapewa darasa la sita, kwa sababu darasa la sita lina mtihani, na mtihani una matokeo yanayosomwa mbele ya watu, na matokeo mabaya huaibisha shule. Darasa la kwanza halina mtihani wa kumwaibisha mtu. Basi linapewa kijana aliyefika juzi, au mwalimu aliyechoka anayengoja kupumzika, au tena, mambo haya si siri, yule ambaye direkta anataka kumwadhibu. Kijana huyo anapewa watoto 80, pengine 100, anapewa boksi la chaki, na anaambiwa: «Hapa ni rahisi. Ni watoto wadogo tu.»

Watoto wadogo tu! Mtu angesema hivyo juu ya nyumba, kwamba msingi uachiwe asiyejua kupiga tofali maana hautaonekana, tungemwondoa kazini siku ileile. Lakini juu ya watoto wetu twanyamaza.

Ngazi ya diploma katika nchi yetu inajulikana na kila mzazi. Chini wako wenye D4, halafu wenye D6, waliomaliza sekondari ya ualimu na kushinda Mtihani wa Serikali. Juu yao wako wa graduati, miaka 3 baada ya sekondari, na juu yao tena wa lisansi, miaka 2 zaidi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango huo unabadilishwa: sasa lisansi ni miaka 3, na juu yake masta ya miaka 2. Ngazi ni nzuri, na hatuna neno juu ya mwenye kuipanda. Ila kila kipandio kinamwondoa mwalimu mbali na mtoto asiyejua kusoma. Mwenye D6 anafundisha shule ya msingi. Akipata graduati, njia yake ni sekondari ya chini. Akipata lisansi, njia yake ni sekondari ya juu. Mshahara na heshima hupanda pamoja naye. Kwa hiyo tumejitengenezea nchi ambamo mwenye kufundisha kusoma ni yule ambaye hajapata bado nafasi ya kukimbia.

Matunda yake? Benki ya Dunia imehesabu kwamba katika Kongo, kati ya watoto 100 wenye miaka 10, watoto 97 hawawezi kusoma na kufahamu andiko rahisi linalofaa umri wao. Wako watakaobishana na hesabu hiyo, watasema wageni hupenda kutuonyesha ubaya wetu. Vema, punguzeni mnavyotaka. Toeni 10. Toeni 20. Mkiisha kutoa, wahesabuni waliobaki, halafu mtuambie kama ni kazi ya kumpa kijana aliyefika juzi.

Lakini, mtu atauliza, elimu kubwa iko wapi katika ba, be, bi?

Chukueni neno moja: «baba». Mwalimu asiyefundishwa kazi hii huanza na majina ya herufi, jinsi alivyoyashika yeye mwenyewe kwa Kifaransa: be, a, be, a. Mtoto mtii anayaunganisha kama alivyoambiwa, naye anapata «beabea». Mwalimu anapiga fimbo mezani: «Sema baba!» Mtoto anasema baba. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba kusoma ni kutazama uso wa mwalimu na kungoja neno litoke kinywani mwake. Na lile neno «hodi»! Kwa majina ya Kifaransa ni ash, o, de, i. Nani angefunguliwa mlango kwa hodi ya namna hiyo?

Mwalimu anayejua kazi yake anajua kwamba herufi ina jina na ina sauti, na kwamba mtoto anahitaji sauti kwanza. Anajua kwamba Kiswahili kina bahati kubwa: a, e, i, o, u haziandikwi kwa njia nyingi, na silabi ikiisha kujulikana husomeka vilevile po pote inapokutwa. Lakini anajua pia penye mitego. Katika «mtu» ile m inasimama peke yake, silabi nzima. Katika «mbuzi» imeshikana na b. «Ngoma» na «ng'ombe» zinaanza kwa herufi zilezile, lakini ulimi haufanyi kazi ileile, na alama ndogo juu ya mstari ndiyo yenye habari yote. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake haitenganishi r na l ataandika «kurara» mahali pa «kulala». Je, ni mjinga? Hata. Ameandika kwa uaminifu kile anachosikia. Mwalimu asiyejua lugha ya kijiji hicho atampiga kwa sababu masikio yake ni mazuri.

Halafu kuna mto wa kuvuka. Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya mafundisho imezikubali lugha zetu 4 za taifa, yaani Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, zitumike kufundishia, hali Kifaransa kinabaki lugha rasmi. Maana yake, mtoto wetu anaanza kwa lugha anayoisikia, kisha anapaswa kuhamia kwa Kifaransa, naye huko anakuta dunia nyingine. Sauti moja ya o inaandikwa o, au, eau. «Femme» inaandikwa kwa e na kusomwa kwa a. Katika «ils chantent», herufi 3 za mwisho zimekaa kimya kama wageni wenye haya. Na «oiseau», maana yake ndege, husomwa kama neno letu «wazo». Mtoto wa Bukavu au wa Kindu akilisikia mara ya kwanza, anafikiri mwalimu amepata wazo. Ni nani amemfundisha mwalimu wetu namna ya kumvusha mtoto mto huo? Katika sekondari ya ualimu alionyeshwa kutayarisha somo, kuandika tarehe ubaoni, kuuliza maswali ya mwisho. Ni mambo mema. Lakini habari za sauti, za silabi, za lugha mbili zinazogombana katika kinywa cha mtoto mmoja, hizo alizipata kwa haraka, kama alizipata.

Mwaka wa 1986 wajuzi wawili, Gough na Tunmer, waliandika jambo ambalo tungependa libandikwe katika kila ofisi ya direkta. Walisema kusoma ni mambo mawili yanayozidishana: kuyafungua maandishi yawe maneno, na kuifahamu lugha yenyewe. Hawakusema kujumlisha, walisema kuzidisha. Na kila mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Kijana wetu wa darasa la tano anayepiga ukurasa mzima wa Kifaransa kwa sauti nzuri, kama mtangazaji wa radio, bila kufahamu hata sentensi moja, ana sifuri. Bibi yake anayefahamu kila neno la Kiswahili, lakini herufi hazijui, ana sifuri vilevile. Ugonjwa wa wawili hao si mmoja, na dawa yao si moja. Mwalimu asiyejua kutofautisha atawapa wote wawili dawa ileile, yaani kurudia, kurudia, na kurudia tena.

Na tuseme kidogo juu ya kwaya. Pita karibu na shule yo yote asubuhi, utasikia watoto wanasoma pamoja kwa sauti moja, mpaka wapita njia wanasifu: «Shule hii inafanya kazi!» Ingia ndani. Futa sentensi, andika maneno yaleyale kwa kuyapanga nyuma mbele, halafu mwite mtoto wa benchi la mwisho. Kimya. Alikuwa akiimba. Mwalimu fundi analijua jaribio hili, tena analifanya kila juma, kwa sababu hataki kudanganywa na uzuri wa sauti. Mwalimu mwingine analiogopa.

Sasa twende Marekani, maana huko walilifikiri jambo hili mbele yetu, tena walikosea kwa namna inayotufaa sisi.

Katika majimbo mengi ya nchi hiyo kuna kazi ya mwalimu fundi wa kusoma, na kazi hiyo ina masharti makali. Katika jimbo la Texas mwenye kuitaka lazima awe na masta, awe amefundisha darasani miaka 2, kisha ashinde mtihani wa jimbo. New Jersey pia inadai masta na miaka 2 ya kazi. Na akiisha kupata ruhusa yake, fundi huyo hakimbilii madarasa ya juu. Kazi yake ni wale walioshindwa. Anawachukua wachache wachache, anawapima mmoja mmoja ili ajue uzi ulikatika mahali gani, kama ni katika sauti, kama ni katika maana, kama ni kwa kukosa mazoezi tu. Anakaa pia na walimu wenzake, anawaonyesha njia. Mtu mwenye diploma ya pili ya universite anakaa juu ya kiti kidogo, magoti yamefika kidevuni, pamoja na mtoto wa miaka 6, wala hakuna anayemwuliza kwa nini ameshuka.

Hilo twalisifu, na twataka lije kwetu. Lakini tusilipokee na macho yamefungwa, kwa sababu Wamarekani wenyewe waligundua kwamba mtu aweza kuwa na masta ya kusoma na asijue namna mtoto anavyojifunza kusoma.

Ni ugomvi wa zamani. Mwaka wa 1955 Rudolf Flesch alitoa kitabu kilichowakasirisha wakubwa wa shule. Alisema watoto hawajui kusoma kwa sababu wanashikishwa maneno mazima kwa umbo lake, kama mtu anayekariri sura za watu, bila kufundishwa sauti za herufi. Mwaka wa 1967 Jeanne Chall wa Harvard, mtu mwenye utulivu kuliko Flesch, aliyeyapima machunguzi ya miaka mingi, aliandika kwamba kufundisha sauti za herufi tangu mwanzo kunaleta matunda bora. Na mwaka uleule Kenneth Goodman aliandika kinyume: kwamba kusoma ni mchezo wa kukisia, na msomaji mzuri anakisia vizuri. Vyuo vingi vya walimu vilimfuata yupi? Vilifuata mchezo. Mtoto akikutana na neno asilolijua aliambiwa: tazama picha, tazama herufi ya kwanza, fikiri neno gani lingefaa hapa. Mtoto akisoma «punda» mahali pa «farasi», wengine walisema si neno, maana inakaribiana.

Mwaka wa 2000 baraza la wajuzi lililoitwa kwa ombi la Bunge la Marekani lilitoa taarifa yake: mtoto afundishwe waziwazi kusikia sauti ndani ya neno, kuunganisha sauti na herufi, kusoma kwa mwendo mzuri, kuongeza maneno, na kufahamu. Je, vyuo viligeuka? Vingi havikugeuka. Katika New York, Teachers College ya Universite ya Columbia, nyumba yenye jina kubwa sana katika mambo ya ualimu, ilikuwa tangu 1981 na kazi ya kusoma na kuandika iliyoongozwa na Lucy Calkins, ambayo vitabu vyake viliingia katika shule nyingi za nchi, na ndani yake yamo hayo ya kukisia. Katika mwaka wa 2022 ndipo vitabu vyenyewe vilisahihishwa, na mwaka wa 2023 chuo kiliivunja kazi hiyo.

Fikirini basi mwalimu aliyekopa dola maelfu, akasoma usiku baada ya kazi, akapata masta yake, akaitundika ukutani; halafu anasikia kwamba aliyofundishwa hayakuwa kweli. Watoto aliowafundisha wamekwisha kuwa watu wazima.

Wachunguzi wengi huko wamelinganisha walimu wenye masta na wasio nayo, na mara nyingi wamekuta kwamba watoto wao hawapitani sana. Jimbo la North Carolina, mwaka wa 2013, liliamua kwamba walimu wapya hawatapewa tena nyongeza ya mshahara kwa ajili ya masta. Sisi hatulisifu. Ukikuta chungu kina chakula kibaya, mwaga chakula, usivunje chungu.

Mississippi ilifanya kwa akili zaidi. Ni jimbo maskini kati ya majimbo yote ya Marekani, na katika kusoma lilizoea kukaa karibu na mwisho wa orodha. Mwaka huohuo wa 2013 lilitoa sheria juu ya kusoma. Walimu waliokuwa kazini tayari walirudishwa shuleni wafundishwe namna kusoma kunavyokwenda, tangu sauti mpaka maana. Mafundi walitumwa katika shule zilizo dhaifu kukaa na walimu darasani. Walimu wapya wa shule ya msingi wanatakiwa kushinda mtihani juu ya misingi ya kusoma kabla ya kupewa ruhusa. Katika mtihani wa taifa, watoto wake wa darasa la nne walikuwa na alama 209 mwaka wa 2013. Mwaka wa 2019 walikuwa na 219, wakawa sawasawa na nchi nzima. Wako wanaosema alama zilipanda kwa sababu sheria hiyo pia inawarudisha katika darasa la tatu watoto wasiojua kusoma. Wajuzi wanabishana bado. Lakini mwalimu wa Mississippi alipoulizwa mtihani, hakuulizwa ana karatasi gani, aliulizwa anajua nini juu ya kusoma.

Sasa turudi nyumbani, maana wabishi wametungoja.

Wazee wanasema: «Sisi tulifundishwa na katekista chini ya mti. Hakuwa na graduati wala lisansi, na tunasoma mpaka leo.» Twawaheshimu wazee, na katekista huyo twamheshimu zaidi. Lakini tumalize hadithi yote. Katekista alikuwa na watoto wachache. Alifundisha kwa lugha waliyoijua, kwa kitabu kidogo cha silabi kilichopangwa vizuri, kurasa chache zilizorudiwa mpaka zikachakaa. Bila kujua jina lake, alifanya karibu yale ambayo wajuzi wanayadai leo. Na wale walioshindwa? Walirudi shambani, hakuna aliyewahesabu. Wazee wanaotuambia habari hii ni wale walioshinda. Wenzao walioshindwa hawaandiki barua kwa gazeti.

Wengine wanasema: «Mwenye lisansi akiwekwa darasa la kwanza, ni mali iliyotupwa.» Twawauliza: nani anayetupa mali? Mwendeeni mwalimu wa sekondari, mwenye lisansi safi ya kemia au ya historia, mwulizeni siku zake zinapotea wapi. Atawaambia kwamba anaandika ubaoni, watoto wananakili, naye anajua kwamba nusu yao hawafahamu wanachonakili. Hawezi kuwapa kitabu wakasome nyumbani. Anafundisha kemia kwa watu wasiosoma. Lisansi yake ndiyo iliyotupwa, na ilitupwa miaka 8 kabla hajaanza kazi.

Wa tatu wanasema hakuna feza. Hapo hatuna budi kusema kwa uangalifu, maana ni kweli. Tangu Septemba 2019, Serikali ilipoanza kutimiza neno la Katiba kwamba shule ya msingi ni bure, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia, na ni jambo la kushukuru. Lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu wengi walikaa muda mrefu wakingoja kuandikwa katika orodha ya mshahara. Mwenye masta mbele ya watoto 100 bado ana watoto 100. Hatutaki kumdanganya mtu kwamba diploma itaongeza mabenchi. Ila twauliza: tukiwa na walimu wema wachache, na feza chache, tuwaweke wapi? Sisi tumekwisha kujibu. Pale ambapo kosa likifanyika linaharibu kila darasa linalofuata.

Na sasa neno kwa wale wanaokimbilia karatasi, maana tusiwalaumu wakubwa peke yao. Tumeona kazi za mwisho wa masomo, kurasa 60, zimejaladiwa vizuri, zenye kichwa kama «Matatizo ya kusoma katika shule za mji fulani». Ndani kuna maneno ya wajuzi wa Ulaya, yamenakiliwa, pengine kutoka kazi ya mwanafunzi wa mwaka uliopita pamoja na makosa yake. Kuna maswali yaliyogawiwa kwa walimu 30, na hesabu za mia kwa mia. Mtoto hayumo. Hakuna mtoto hata mmoja ambaye mwandishi alikaa naye mwezi mzima akamtoa gizani. Mwandishi anapewa alama nzuri, poda inamwagwa, na nchi inapata fundi mmoja zaidi wa matatizo ya kusoma ambaye hajamfundisha mtu kusoma. Diploma ya namna hiyo twaikataa, hata ikiwa na mihuri saba.

Tunachokitaka si kigumu kukieleza. Kwa kuwa mpango mpya wa lisansi na masta unatengenezwa katika miaka hii, na maprofesa wanaandika upya orodha za masomo, kuwe na masta ya kufundisha kusoma kwa lugha zetu na kwa Kifaransa. Ndani yake wajifunze sauti za Kiswahili na za lugha za vijiji wanakotumwa, wajifunze kupima mtoto, wajifunze kuvusha kutoka lugha moja kwenda nyingine. Asiyefundisha darasa la chini miaka 2 asipokelewe. Na mtihani wa mwisho usiwe kurasa 60. Apewe watoto watano walioshindwa kusoma, apewe mwaka wa masomo, na mwishoni watoto hao wakae mbele ya waamuzi na kitabu ambacho hawajakiona. Kama wanasoma na kufahamu, apewe masta yake. Kama sivyo, aeleze kwa nini, na maelezo yake yapimwe, kwa maana si kila anayeshindwa hajui kazi.

Halafu, na hapa ndipo pagumu, mwenye masta hiyo abaki shule ya msingi na alipwe kama angekwenda sekondari. Bila hilo tutakuwa tumejenga ngazi nyingine ya kukimbilia. Wakubwa watasema sheria ya mishahara haina mahali pa mtu huyo. Sheria za mishahara zimeandikwa na watu, na watu hao walifundishwa kusoma na mtu fulani.

Tukingoja masta hiyo, kuna jambo lisilohitaji sheria wala feza, na shule zetu za Kikatoliki, zinazoongozwa na Kanisa kwa mapatano na Serikali tangu 1977, zaweza kulianza mwaka huu. Ni ile orodha ya direkta. Wazazi, mkifika shuleni Septemba kuandikisha watoto, msiulize tu ni nani atafundisha darasa la sita. Ombeni kuona jina lililoandikwa mbele ya darasa la kwanza, na mwulize direkta kwa nini amemchagua mtu huyo.